Hilux ya kwenda Katavi: kanopi ya chuma na hema la juu, au faiba na mahema ya chini?

Nyanda za Juu: Wakuu, naandaa Hilux dabo kabini ya dizeli. Watu wanne, Mbeya–Sumbawanga–Hifadhi ya Katavi. Mpango A: kanopi ya chuma (kifuniko cha bodi, yaani sehemu ya mizigo nyuma), hema la juu ya gari, bampa la chuma na winchi (mashine ya kujivuta ukikwama), madumu manne ya dizeli. Mpango B: kanopi ya faiba, mahema ya chini, bampa la kiwandani. Fundi anasema A haina shida, ataongeza springi nyuma. Mnasemaje?

Mzee wa Gereji: Springi zinainua gari tu, mkuu. Ekseli, bearing, breki na chesisi vinabaki vilevile, na uzito wa mwisho ulioandikwa kwenye kibao cha gari (kile cha kiwandani) haubadiliki. Hilux hiyo ikiwa tupu ina kama tani 2, na mwisho wake ni tani 3 hivi, kutegemea toleo. Kwa hiyo una tani moja ya kuchezea, na abiria wamo humohumo.

Sasa piga hesabu ya A. Watu wanne kilo 300. Kanopi ya chuma 150. Hema la juu 70. Bampa na winchi 100. Maji lita 60 ni kilo 60. Friji ikiwa na vitu, 40. Betri ya pili ya asidi 30. Tairi mbili za akiba 60. Umefika 810, na bado hujapakia chakula, jeki, spana, mtungi wa gesi wala nguo.

Dada Dereva: Na madumu ya dizeli. Dumu la lita 20 ni kama kilo 17 za mafuta peke yake, kwa hiyo manne ni karibu 70. Ya nini, wakati Sumbawanga na Mpanda kuna vituo? Beba moja au mawili ya kuzungukia hifadhini, basi.

Kilo kwa Kilo: Jumla siyo kila kitu, wakuu. Angalia mzigo unakaa wapi. Hilux ina mita 3.08 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Weka kilo 100 mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma: ekseli hiyo inabeba kama 132, na ya mbele inapunguziwa 32. Usukani unakuwa mwepesi. Kwenye barabara mbovu, chesisi inapinda pale kabini inapoishia na bodi kuanza. Nimeiona gari ya namna hiyo: mwanya kati ya kabini na bodi ulikuwa mpana juu, mwembamba chini. Maji na betri visogezwe mbele ya bodi, chini kabisa.

Nyanda za Juu: Hema la juu je? Mama watoto hataki kulala chini, anaogopa fisi.

Dada Dereva: Mwache alale juu, shemeji, hiyo ni haki yake. Chukua hema hilo, ila kanopi iwe ya faiba yenye fremu iliyothibitishwa kubeba hema. Muulize muuzaji inabeba kilo ngapi gari likiwa linatembea. Ukibadilisha betri ya asidi kwa ya lithiamu yenye uwezo wa Ah (ampea-saa) 100, unaokoa kilo 15 hivi.

Mzee wa Gereji: Naunga mkono. Bampa la chuma achana nalo kwa njia hiyo. Na kabla ya kuondoka tafuta mizani, hata ya wauza vyuma chakavu. Tangi lijae, watu wote wawe ndani. Pima ekseli ya mbele, kisha ya nyuma, ulinganishe na kibao.