Picha za familia nje: rifleta, flashi, au kusubiri jua lishuke?

bwana_fremu
Wakuu habari zenu. Napiga picha za familia nje kwa mwanga wa asili, na kitu kinachonisumbua ni kile kile kila siku: jua likiwa nyuma yao nyuso zinakuwa giza, nikiongeza mwanga mbingu inaungua inabaki nyeupe pee. Nikiwageuza walitazame jua wote wanakunja macho, watoto ndo kabisa hawataki. Nataka kuongeza kitu kimoja tu kwenye begi na nimekwama hapa: (a) rifleta ile ya duara inayokunjwa, ya kurudishia mwanga usoni, (b) flashi ndogo na triga yake ya kuiwasha kwa mbali, au (c) nisinunue chochote, nipige jioni tu kwa RAW (faili ghafi la kamera) halafu ninyanyue vivuli, yaani ning'arishe sehemu za giza, kwenye kompyuta. Familia nyingi ni watu 5 mpaka 8 na mara nyingi nipo peke yangu, sina msaidizi. Nyie mnatumia nini na kwa nini?

MamaLenzi
Upo peke yako na watu 8? Rifleta isahau, kaka. Siyo kwamba ni mbaya, mimi ninayo na naipenda, ila inataka mtu wa kuishika na inataka iwe karibu. Ile ya sentimita 110 inamtosha mtu mmoja au wawili, kwa mama na kichanga chake ni tamu sana. Ukiirudisha nyuma ili iwaenee wote mwanga unakuwa hafifu hadi huoni tofauti, ukiisogeza mbele wa karibu anang'aa na wa mwisho yupo gizani. Bado upepo hujauhesabu.

Ukija kuinunua siku moja tumia upande mweupe. Wa fedha una nguvu lakini unawachoma macho, yaani umewatoa kwenye jua ukawarudishia jua. Wa dhahabu unafanya ngozi iwe ya njano, na kurekebisha hiyo kitu baadaye ni kazi kwa sababu nyasi na nguo hazina huo unjano, ni nyuso tu.

Fundi_Shata
Flashi mkuu, usizungushwe. Ila uielewe kwanza maana wengi wanainunua wanaitupa kabatini. Jua la mchana mbingu ikiwa safi, ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), ekspoja, yaani kiasi cha mwanga kinachofaa, inakuja kwenye shata 1/200 ya sekunde na f/11 (f ni tundu la lenzi, namba ndogo tundu kubwa). Wewe unataka f/5.6 ili nyuma kulainike, hapo mwanga umezidi stopu 2 (kila stopu ni mwanga mara mbili), kwa hiyo shata iende 1/800. Tatizo flashi za kawaida zinaelewana na shata mpaka 1/200 au 1/250, ukipita hapo unapata mkanda mweusi kwenye picha. Suluhisho ni mawili: flashi yenye HSS (inayofanya kazi hata shata ikiwa ya kasi zaidi), au filta ya ND, kioo cheusi cha kupunguza mwanga, ya stopu 2 mbele ya lenzi. HSS inakula nguvu vibaya mno, kwa watu 8 waliosimama mbali kidogo flashi moja ndogo itahema.

Faida yake ni kwamba mnakuwa na mianga miwili unayoitawala kila mmoja kivyake. Ukiwa ndani ya huo ukomo wa 1/200 shata inagusa mbingu na mazingira tu, nguvu ya flashi inagusa watu. Unapiga kwanza bila flashi mpaka mbingu ikae rangi unayoitaka, halafu unaongeza flashi taratibu mpaka nyuso zifunguke. Usiipandishe mpaka nyuso ziishinde mbingu, picha itaonekana watu wamekatwa wakabandikwa.

jicho_pevu
Mnamuuzia mtu vifaa wakati hajaambiwa asimame wapi.

Bwana fremu, shida yako siyo kwamba mwanga ni mdogo, ni kwamba nyuma kuna mwanga mwingi kuliko mbele, na hiyo unaitibu kwa miguu. Tafuta kivuli kikubwa, cha jengo au mti mkubwa, uwaweke watu ukingoni mwake, ndani hatua moja au mbili tu, wakitazama nje kwenye mbingu iliyo wazi. Hiyo mbingu inakuwa taa kubwa laini, inawaenea hata watu 10 na hakuna anayekunja macho. Halafu angalia nyuma yao, hapa ndo watu wengi wanapopotea: nyuma kuwe na kitu ambacho nacho kipo kivulini, miti, ukuta, mlango wenye giza ndani. Ukiwa na nyuso kivulini na nyuma kuna uwanja unaopigwa jua umerudi pale pale ulipoanzia.

Kabla familia haijafika nyoosha mkono, tazama kiganja chako huku unazunguka taratibu. Utaona kabisa upande ambao mwanga unakuwa laini na mistari inafifia. Sehemu hiyo hiyo ndo wataelekeza nyuso.

Chini nako kutazame. Sakafu ya rangi nyepesi au mchanga unarudisha mwanga juu, unajaza macho na chini ya kidevu, hiyo ni rifleta ya bure isiyotaka wa kuishika. Nyasi zinarudisha kijani, hasa kwa watoto walioketi. Na ukimbie mti wenye majani machache, jua linapenya madoa madoa kwenye nyuso na madoa yale hakuna programu itakayoyatoa vizuri.

Fundi_Shata
Sawa mkuu, sasa familia imekwambia tunataka ufukweni, saa saba mchana, hakuna hata kichaka. Unawapeleka kivuli kipi?

jicho_pevu
Hapo nakubali flashi yako ina kazi yake. Au nawageuza walipe jua mgongo, naweka ekspoja ya nyuso, mbingu iungue kwa makusudi na mchanga unisaidie kuwajaza mbele. Mbingu nyeupe siyo dhambi kama nyuso ni nzuri. Lakini mara nyingi ukimweleza mtu vizuri anakubali kusogeza muda.

bwana_fremu
Aisee nashukuru, hii ya kutazama nyuma nilikuwa naipuuzia kweli. Sasa jua la jioni je? Na kamera niipimishe wapi, maana hata kivulini kuna picha inatoka giza na nyingine imeungua na watu ni wale wale.

MamaLenzi
Jua la jioni ni zuri kwa sababu lipo chini, linapita kwenye hewa nyingi, nguvu inapungua na tofauti kati ya mbingu na nyuso inakuwa ndogo. Ila linakimbia. Dakika kumi za mwisho mwanga unashuka stopu baada ya stopu na wewe uko bize kumbembeleza mtoto. Piga kundi zima kwanza, wa mmoja mmoja waje mwisho. Na vaa hudi (kile kikinga jua cha mbele) kwenye lenzi au kinga kwa mkono, jua likiingia kwenye kioo picha nzima inapauka.

Kupima: kamera haijui inatazama nini, inataka kila kitu kifikie kijivu cha katikati. Familia ikivaa nyeupe inadhani mwanga ni mwingi, inapunguza, nyuso zinakuwa giza. Ukimkaribia mtu mwenye ngozi nyeusi sana akajaza fremu inadhani ni giza, inaongeza, ngozi inapoteza rangi yake na paji la uso linaungua. Ndo maana watu wale wale wanakupa majibu mawili. Weka kipimo cha nukta usoni, yaani kamera ipime sehemu hiyo ndogo tu, au tumia kitufe cha jumlisha na toa: nguo nyeupe jumlisha kama 2/3 ya stopu, sura nyeusi iliyojaza fremu toa kidogo. Ukishapata, hamia manyuo (unapanga mwenyewe, kamera haibadilishi) uache kucheza, mwanga wa kivulini haubadiliki kila sekunde.

Familia ikiwa na ngozi zinazotofautiana sana, mwenye nyeusi zaidi msimamishe upande mwanga unakotoka, mweupe zaidi akae mbali kidogo nao. Utaona kazi imeisha kabla hujagusa kamera.

mtu_wa_RAW
Niguse (c) maana hamjaigusa. RAW inakupa nafasi, haikupi mwanga. JPEG ina biti 8 kwa kila rangi, RAW nyingi zina 12 au 14, kwa hiyo kivuli unakinyanyua stopu 2 bila picha kuchanika. Ukiinyanyua 3 au 4 nyuso zinajaa chengachenga na rangi ya ngozi inakuwa kama matope. Kilichoungua kabisa ndo hakirudi hata kwa dua. Washa ile tahadhari ya kupepesa kwenye skrini, inayoonyesha palipoungua: ikipepesa mbingu ni uamuzi wako, ikipepesa kwenye shavu punguza sasa hivi.

Kivulini anza na f/5.6, 1/250, ISO 200 au 400 uone. Usishuke f/1.8 kwa watu 8 waliopangwa mistari miwili, wa nyuma watatoka ukungu. Watoto wakianza kukimbia nenda 1/500, ISO iachie ipande, chengachenga zinavumilika, mtoto aliyetetemeka havumiliki. Na rangi: kivulini mwanga ni wa bluu, kwenye mpangilio wa rangi ya mwanga wa kamera (unapimwa kwa K) weka K 7000 hivi badala ya 5500 ya jua ngozi zipate joto.

bwana_fremu
Basi nitaanza na kivuli na kipimo cha nukta, flashi ikija itakuwa ya HSS. La mwisho: babu wa familia ijayo ana miwani, kivulini mbingu nzima inaonekana kwenye vioo, macho hayaonekani.

Fundi_Shata
Mwombe ainue mikono ya miwani kidogo juu ya masikio, vioo viiname mbele, mbingu inateleza chini na macho yanarudi. Kwa mbele haionekani kabisa. Ikigoma, mzungushe kichwa kidogo kidogo mpaka kwenye vioo ionekane miti badala ya mbingu.