InDesign, Affinity, Scribus au Canva? Jarida la chuo, kurasa 24, kompyuta ya RAM GB 4

Binti_Mabibo
Wakuu, habari za muda huu. Niko mwaka wa pili, nasomea uandishi wa habari hapa Dar. Kikundi chetu cha watu watano tunatoa jarida la A4, nakala 100, tutachapisha Kariakoo. Usanifu umeniangukia mimi kwa kosa moja tu: niliwahi kutengeneza kadi za harusi za dada yangu kwa Canva.

Darasani tunafundishwa InDesign, programu ya kupanga kurasa, lakini maabara kompyuta ni chache na saa kumi inafungwa. Yangu ina RAM GB 4 na bando ni la kuungaunga. Muhula uliopita kijarida chetu cha kurasa 8 nilikipanga Canva, kikatoka na maandishi yenye ukungu, kama mtu aliyavuta yakiwa mabichi. Jamaa wa mashine akasema "faili lako bovu", basi, hela ikaenda. Sasa nichague nini? Naomba mnisaidie kabla sijaanza, deadline ni wiki tano.

Kijana_wa_RiverRoad
Sasa dada. Mimi niko Nairobi, kazi yangu ni kupanga kurasa na kupeleka faili kwa mashine, mwaka wa sita huu. Ule ukungu naujua. Canva ya bure inakutolea PDF ya RGB, rangi za skrini. Mashine inatumia CMYK, zile wino nne. Weusi wako wa herufi ukibadilishwa hugawanywa kwa wino zote nne, halafu karatasi ikisogea hata kidogo tu, kila wino inaangukia mahali tofauti na herufi inakuwa na kivuli. Maandishi ya mwili yanafaa kuwa nyeusi peke yake, asilimia 100, zile tatu zingine sufuri.

Kwa hivyo mpangilio wangu ni huu. Affinity ndiyo ningechukua leo. Tangu Oktoba 2025 ni ya bure, unahitaji akaunti ya Canva tu, na inafungua faili za IDML, yaani kazi ya InDesign iliyohifadhiwa kwa namna ambayo programu nyingine zinaweza kuisoma, kwa hivyo ulichoanza kwa InDesign ya chuo unaweza kuendelea nacho hosteli. InDesign yenyewe ni nzuri sana, sibishani, lakini ni kulipia kila mwezi kwa dola. Scribus ni ya bure kabisa na nyepesi, ila kuhariri maandishi ndani yake ni kama kushona nguo umevaa glavu.

Scribus_na_Ugali
Mkuu, hapo kwenye glavu umenionea 😂. Mimi nina kompyuta yenye RAM GB 4 kama ya huyu dada, na Scribus haijawahi kuniangusha. Inajua CMYK tangu zamani, inatoa PDF/X, ile PDF ya kupeleka kwa mashine, na kabla ya kutoa faili inakuonya picha ipi ina pikseli chache. Siri ni moja: usiandike ndani yake. Maliza kuhariri kwenye LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, kisha ingiza maandishi yakiwa yameshaiva.

Affinity kwenye GB 4 utasubiri kila ukisogeza picha. Inafunguka, ndiyo, lakini funga kila kitu kingine.

Mtu_wa_Mwisho
Mbona hamtaji Publisher ya Microsoft? Stationery nyingi ndiyo wanayo.

Kijana_wa_RiverRoad
Microsoft wanaifunga Oktoba 2026. Usijifunze kuendesha gari ambalo linapelekwa kwa vyuma chakavu.

Bi_Shangani
Assalaam alaykum. Nyote mmezungumzia rangi, hakuna aliyeuliza jarida ni la lugha gani. Kama ni Kiswahili, basi tabu itakukuta kwenye safu, si kwenye wino.

Maneno yetu marefu. "Hawakushirikishwa" likiingia kwenye safu ya sentimita nne na nusu, ukalazimisha mistari ilingane pande zote mbili, utapata mapengo ya kupita ngalawa. Halafu programu inakata maneno kwa kanuni za Kiingereza. Mimi nimewahi kukuta "mwanaf-unzi" kwenye jarida la skuli, limeshachapwa, limeshagaiwa. Kiswahili hukatwa baada ya irabu: mwa-na-fu-nzi. Usitenganishe nz, mb, wala ng'. Yapo machache kama lab-da na daf-tari, hayo tumia sikio.

Kwa hiyo zima ukataji wa programu. Panga safu mbili badala ya tatu, acha ukingo wa kulia uende wenyewe bila kulazimishwa, na neno linalosumbua likate kwa mkono. Kwenye InDesign ni Ctrl, Shift na kistari. Maandishi yakihama, kile kistari kinapotea chenyewe. Usiweke kistari cha kawaida, kitabaki katikati ya mstari kama mfupa kooni.

Na kitu kimoja kidogo. Makala zinazotoka kwenye simu za watu huja na alama ya ng' za aina tatu tofauti. Tafuta na ubadilishe zote ziwe moja kabla hujaanza.

Binti_Mabibo
Ahsante sana Bi Shangani. Nimecheka kwenye ngalawa, kisha nikafungua kijarida chetu cha muhula uliopita. Safu tatu. Kila ukurasa una ngalawa zake 😭

Kuhusu picha: nyingi nimetumiwa WhatsApp. Zinafaa?

Lenzi_ya_Mwanza
Inategemea unaziweka kwa ukubwa gani. Picha iliyotumwa kawaida WhatsApp mara nyingi inabaki na pikseli 1,600 hivi upande mrefu. Kwa pikseli 300 kwa inchi hiyo ni sentimita 13 na nusu, inatosha kama robo ya ukurasa. Kujaza A4 nzima unahitaji 2,480 kwa 3,508. Waambie wakutumie kama dokumenti, zitakuja zilivyo.

Mzee_Gerezani
Binti yangu, shikamoo nimeipokea hata kama hujaitoa. Mimi nilianza kazi ya uchapaji enzi za kukata safu kwa wembe na kuzibandika kwa gundi juu ya meza yenye taa chini. Vijana wamekushauri vizuri, lakini wote wameanzia kwenye kompyuta. Anzia kwenye karatasi.

Chukua karatasi 6, ziweke pamoja, zikunje katikati, zipige stepla. Andika namba 1 hadi 24. Sasa zifungue. Utaona ukurasa wa 1 uko karatasi moja na wa 24, na nyuma yao 2 na 23. Karatasi ya pili ni 3, 4, 21 na 22. Kurasa mbili zilizo upande mmoja wa karatasi, ukijumlisha namba zao, daima utapata 25.

Unalipia rangi kurasa zote?

Binti_Mabibo
Shikamoo mzee, nisamehe. Hapana, hela ya rangi tunayo ya jalada na kurasa chache. Nimepanga rangi ukurasa wa 5 (chakula), wa 10 (mahojiano) na wa 17 (mitindo).

Mzee_Gerezani
Marahaba. Basi tazama kitabu chako cha mfano. Ukurasa wa 5 uko karatasi ya tatu, wa 10 karatasi ya tano, wa 17 karatasi ya nne. Karatasi tatu zinapita kwenye rangi kwa ajili ya kurasa tatu, na jalada ni ya nne. Hamisha chakula, mahojiano na mitindo viende 11, 12, 13 na 14. Hiyo ni karatasi moja, ya katikati. Unapata kurasa nne za rangi kwa bei ya karatasi moja, na ile 12 na 13 ndiyo sehemu pekee ndani ya jarida ambapo picha inaweza kuvuka katikati bila kukatika, kwa sababu ni karatasi moja kweli. Kwingine kote nusu mbili za picha zinatoka karatasi tofauti, na uso wa mtu unaweza kupinda pua.

Kijana_wa_RiverRoad
Mzee, heshima. Mimi nimejifunza hiyo kwa kuharibu kazi ya mteja.

Scribus_na_Ugali
Kwa hiyo jibu ni Scribus, sivyo? 😂

Binti_Mabibo
Wakuu, nimerudi, ni wiki ya tatu sasa. Kitabu cha mfano nimekikunja, kiko ukutani hosteli, mwenzangu wa chumba anadhani ni kalenda.

Niliamua hivi. Affinity niliijaribu siku mbili, inafanya kazi lakini kompyuta inapumua kama daladala ya Kimara mlimani. Scribus kwa kurasa za ndani za nyeusi, maana ni maandishi matupu. Kurasa 11 hadi 14 na jalada nazipanga InDesign maabara, asubuhi saa moja kabla foleni haijaanza. Mwishoni naunganisha PDF. Canva imebaki kwa mabango ya Instagram ya kutangaza jarida, na huko sijaona mpinzani wake.

Safu ni mbili, kulia haijalazimishwa. Mhariri wetu alilalamika kwamba "halionekani kama gazeti". Nikamwekea kurasa mbili, ya zamani na mpya, akasoma zote. Hajarudia tena.

Blidi, ile ziada ya rangi na picha inayopita ukingo ili ikatwe na kisu, nimeweka milimita 3 kila upande. Nimekosea kitu?

Lenzi_ya_Mwanza
Fonti. Ukiunganisha PDF za programu mbili, hakikisha zote zimebeba fonti ndani yake, la sivyo vichwa vya habari vitabadilika sura kwenye mashine.

Mzee_Gerezani
Namba za kurasa umeziweka umbali gani kutoka ukingoni?

Binti_Mabibo
Milimita 5, mzee.

Mzee_Gerezani
Karatasi za katikati husukumwa nje zinapokunjwa, kisha kisu kinapita. Zisogeze hadi 12, hasa ukurasa wa 11 mpaka wa 14. Na siku ya kuchapa nenda mwenyewe, uombe nakala ya kwanza uishike mkononi kabla hawajaendelea na zile 99.