Eti McGhee "aliteleza mwenyewe"! Jana nimevunjiwa heshima mbele ya vijana wangu

Wakuu, sijalala. Ni saa tisa usiku na bado nasikia ile sauti yake.

Simtaji. Kila anayefika kiwanjani Jumapili anamjua: anakuja na kiti chake cha plastiki, filimbi shingoni ambayo hakuna aliyempa, na hajavaa raba tangu nchi iingie vyama vingi. Huyo huyo.

Jana baada ya mazoezi niliwakalisha vijana chini ya mwembe, nikawawashia kwenye simu ile klipu ya tarehe 10 Machi 2011. Kikapu cha vyuo vya Marekani, ukumbi wa Madison Square Garden kule New York, UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut) na Pittsburgh, 74 kwa 74, sekunde zinakatika. Mpira anao Kemba Walker wa UConn. Mbele yake kabaki Gary McGhee, senta wa Pittsburgh, mrefu kama nguzo ya umeme. Kemba anamwendea, anamvuta, anarudi nyuma ghafla. McGhee anakwenda chini. Kemba anaruka, nyavu, mechi imeisha. Vijana wote kimya, macho yamewatoka. Ndipo huyu bwana akatema kapi la muwa akasema: "Huyo aliteleza mwenyewe. Sakafu ilikuwa na jasho."

Aliteleza mwenyewe!

Na vijana wakacheka. Vijana wangu, ninaowanunulia maji kila wiki, wakacheka pamoja naye.

Haya, McGhee aliteleza. DePaul Jumanne ya wiki ile waliteleza Kemba alipowapiga pointi 26? Georgetown Jumatano wakateleza kwa 28? Syracuse Ijumaa, mpaka muda wa nyongeza, wakateleza kwa 33? Louisville Jumamosi kwenye fainali? Siku 5, mechi 5, pointi 130 za mtu mmoja. Hilo jasho la sakafu lilikuwa linamfuata Kemba peke yake kama mbwa wa jirani?

Timu yenyewe kwenye ligi ya Big East ilikuwa imeshinda 9, imepoteza 9. Hakuna aliyeihesabu. Ikashinda 5 pale New York, ikaenda mashindano ya taifa ikashinda 6 nyingine bila kupoteza. San Diego State alipigwa 36 na Kemba. Kentucky akafungwa kwa pointi moja, 56-55. Fainali Houston, sisi huku kunapambazuka, Butler wakaingiza mitupo 12 kati ya 64 na kombe likaenda Connecticut, 53-41. Nilikuwa macho! Wewe ulikuwa umelala na filimbi yako!

Namfuatilia huyu kijana wa Bronx tangu 2009, wakati sote tunakesha kwa ajili ya Hasheem Thabeet wetu, aliyekuwa UConn pamoja naye. Mechi na Missouri, Kemba mwaka wake wa kwanza, anatokea benchi, anaweka 23 na UConn wanakwenda nne bora. Nikasema pale pale, huyu mfupi atakuja kusumbua. Akasumbua. Na shahada ya sosholojia akaimaliza kwa miaka mitatu.

Nina kijana mmoja pale, simtaji naye, mfupi kuliko wenzake wote. Klipu ile nilimwekea yeye. Kila timu inamwambia arefuke kwanza. Alikuwa ameinama juu ya simu yangu kama anasoma barua ya nyumbani. Aliposikia "aliteleza mwenyewe", akainua kichwa, akacheka na wengine, kisha akaenda kufungua kamba za raba. Hicho ndicho kimenikosesha usingizi. Jasho la sakafu!

---

#2 Kahawa Chungu
Nipo siti ya mbele na karanga zangu. Endeleeni.

#3 Mjukuu wa Bibi
Mkuu, umekosa usingizi kwa ajili ya mtu aliyeanguka New York mwaka 2011. Shemeji anajua?

#4 Mtupo Huru
Mleta uzi usiwajibu hao. Yule bwana namjua vizuri. Mwaka jana alinipulizia nimetembea na mpira. Nilikuwa benchi nakunywa maji.

#5 Kiko cha Kushoto
Kwangu alipuliza filimbi muadhini akaanza upya.

#6 Dada wa Kikapu
Kwa haki kabisa, nimeirudia klipu mara sita. Mguu wa McGhee unateleza kweli.

#7 Mleta uzi
Dada, unateleza kwa sababu ya nani? Mtu mzito anayefuata kulia, akageuzwa kushoto, akarudishwa tena, miguu yake itakwenda wapi? Kumtelezesha mtu ndiyo kazi yenyewe! Pointi gadi, mwongoza mpira kama Kemba, kazi yake ni hiyo!

#8 Mjukuu wa Bibi
Kwa hiyo aliteleza.

#9 Mzigo Mzito
Mnampamba Kemba, NBA alifanya nini? Miaka yote ile akiwa Charlotte hakushinda hata raundi moja ya mtoano.

#10 Mleta uzi
Alichaguliwa wa 9 mwaka 2011 akapelekwa Charlotte, timu ambayo msimu wake wa kwanza ilishinda mechi 7 na kupoteza 59. Saba! Humo humo akapanda mpaka akaitwa mechi ya nyota mara nne mfululizo, 2017 hadi 2020, ya mwisho akiwa Boston. Novemba 2018 aliwapiga Philadelphia 60, na wenzake wakaweza kupoteza mechi. Goti ndilo lililommaliza, akaenda kumalizia Monaco, akastaafu 2024. Unataka ashinde mtoano na nani, na nguzo za goli?

#11 Mwana Upanga
Mnalia na Mmarekani wakati Thabeet wetu anatukanwa kila siku humu. Chaguo la 2 mwaka 2009, akachukuliwa na Memphis, Mtanzania wa kwanza NBA, na kila mwenye bando anakuja kuandika "Memphis wangemchukua Harden", yule nyota aliyechaguliwa wa 3. Fungueni uzi wa huyo.

#12 Mzigo Mzito
Lakini wangemchukua Harden.

#13 Mwana Upanga
Unaona sasa.

#14 Mtupo Huru
Wakati mnabishana, goli la upande wa barabarani halina nyavu tangu Ramadhani na michango tulitoa. Nani alikusanya?

#15 Kiko cha Kushoto
Swali zuri. Mimi nilitoa elfu tano.

#16 Kahawa Chungu
Alikusanya mwenye filimbi.

#17 Mleta uzi
Wakuu, tunazungumzia McGhee. Mbele ya vijana. Aliteleza mwenyewe!

#18 Mama Chapati
Habari zenu wanangu. Nasikia huyo mnayemsema ana kiti cha plastiki cha bluu. Hapa kwangu kimepotea cha bluu.

#19 Mtupo Huru
Shikamoo mama. Chake ni cha bluu, ndiyo.

#20 Mama Chapati
Marahaba. Mguu mmoja wa nyuma umefungwa waya?

#21 Kiko cha Kushoto
Umefungwa, mama.

#22 Mama Chapati
Jumapili anafika saa ngapi?