Je, serikali ya nusu mkate huwaunganisha Wakenya?

Ndugu mtoa hoja anashikilia kwamba Kenya hutulia pale tu vigogo wa jamii kubwa wanapogawana madaraka katika kile kiitwacho serikali ya nusu mkate, na ushahidi wake ni mapatano ya Februari 2008 kati ya Rais Mwai Kibaki na mpinzani wake Raila Odinga, yaliyosimamiwa na Kofi Annan baada ya watu zaidi ya 1,000 kuuawa katika ghasia za uchaguzi. Kwa mwaka ule simpingi, kwa sababu damu ilikuwa ikimwagika na hapakuwa na njia nyingine ya karibu. Ninachokataa ni kuyageuza mapatano ya namna hiyo kuwa desturi. Ilipokuja handisheki, yaani mapatano ya kushirikiana, kati ya Rais Uhuru Kenyatta na Raila mwaka 2018, upinzani bungeni ulififia, ilhali mkazi wa Turkana au Tana River, ambaye jamii yake haina kigogo wa kuketi kwenye meza hiyo, hakuelezwa fungu lake liko wapi.

Kazi kubwa zaidi, ingawa haipigiwi vigelegele, imefanywa na Katiba ya 2010. Mwaka 1992 Daniel arap Moi alishinda urais kwa takriban asilimia 36 ya kura. Leo mgombea urais hana budi kupata zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau asilimia 25 katika kaunti 24 kati ya 47, na kaunti hupewa mgao wao wa mapato ya taifa hata zikiwa zimemnyima rais kura. Kushindwa urais bado kunauma, lakini si kukosa kila kitu tena.

Atakayejibu kwamba masharti hayo ndiyo yanayozaa miungano ya kikabila ana hoja nzito, maana mgombea huona ni rahisi kumnasa kigogo wa eneo kuliko kuwashawishi wapiga kura wake mmoja mmoja. Hata hivyo, vijana walioandamana Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha walitangaza kwamba hawana kabila, chama wala kiongozi, na Rais William Ruto akakataa kuutia saini. Mwezi uliofuata wanasiasa wa ODM, chama alichokiongoza Raila, waliteuliwa kuwa mawaziri, kwa jina la umoja wa taifa. Ndugu mtoa hoja atueleze: ni mgawanyiko gani wa kikabila uliokuwa ukitibiwa hapo?