Tupeane uzoefu: neno "fry" lilikuingiaje?

MamaMwanga

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Binti yangu yuko kidato cha kwanza. Leo amerudi na insha ya Kiingereza yenye mstari mwekundu chini ya sentensi hii: My grandmother fries coffee. Mtoto amelia, maana hakuandika uongo. Bibi yake yuko Kasulu, na buni anaikaanga mwenyewe kwenye chungu mpaka nyumba nzima inanukia, kisha anatwanga. Nimefungua kamusi tuliyo nayo: fry, kaanga. Sasa kosa liko wapi?

Mimi nilisoma Kiingereza kwa kukariri ubaoni, neno na maana yake, neno na maana yake, na naona mtoto anapitishwa njia ileile. Inaniuma. Naomba mliojifunza neno hili kwa kulitumia mseme lilivyowaingia.

MpishiBangwe

Pole dada, na mpe pole binti. Mwalimu yuko sahihi, ila mtoto alistahili kuelezwa, si kuchorewa mstari tu.

Nimepika hotelini miaka tisa hapa Kigoma, wageni wangu wengi ni wale wanaopita kwenda Gombe na Mahale. Fry inadai mafuta: ya alizeti, siagi, samli, mawese, yoyote yale. Kahawa haiwekewi mafuta, kwa hiyo kwao ni roast. Na roast hiyohiyo wanaitumia kwa nyama inayookwa kwenye oveni. Kaanga yetu moja wao wanaigawa, halafu kipande kimoja wanakiunga na kuoka.

Kilichonifundisha ni yai. Mgeni aliagiza fried egg. Nikafanya tunavyofanya sisi: nikavunja kwenye bakuli, nikatia kitunguu, hoho na chumvi, nikapiga, nikamimina kikaangoni. Hakuligusa. Alikuja hadi mlangoni kwa jikoni, mama mtu mzima, akanionyesha kwa mikono: yai livunjwe moja kwa moja juu ya kikaango, kiini kibaki kizima. Hiyo ndiyo fried egg. Nililopika mimi linaitwa omelette. Nilimshukuru sana, kwa sababu angeweza kulalamika kwa meneja akaondoka, nami nisingejua mpaka leo.

Chakula kikielea kwenye mafuta, kama sambusa, ni deep-fry. Mafuta kidogo, moto mkali, unageuza bila kupumzika, ni stir-fry. Na chipsi zetu, Mmarekani anaziita fries, Mwingereza anaziita chips. Ukimwambia Mmarekani chips, anangoja zile nyembamba za kwenye pakiti, ambazo Mwingereza anaziita crisps. Siku hizi nauliza kabla sijawasha jiko.

KarangaTabora

Natokea Tabora. Nilichapisha lebo za karanga zangu, "Fried groundnuts". Mteja mmoja mwenye shinikizo la damu akaniuliza nimetumia mafuta gani. Nikamwambia hakuna, nakaanga kwa mchanga kama mama alivyonifundisha. Akasema basi lebo inanikosesha wateja. Nimebadilisha, sasa ni "Roasted".

DadaWaUjiji

Mimi lilinijia kwa upande wa pili. Sisi tunasema kuchoma maandazi, kuchoma chapati, kuchoma vitumbua. Hakuna anayeshangaa. Nilijua choma ni roast au burn, basi nikamweleza dada mmoja mgeni wa kanisani kwetu kwamba kila alfajiri na-burn maandazi. Akanishika mkono akanipa pole, akasali nami biashara inyanyuke. Nilielewa baadaye sana kwamba alidhani yanaungua kila siku. Andazi linazama kwenye mafuta, kwa hiyo ni fry, ingawa mdomo wetu unasema kuchoma. Kwa hiyo mama, mwambie binti asitazame kitenzi cha Kiswahili, atazame sufuria.

KibiriziUsiku

Dada wa Ujiji umesema neno. Ila kuna fry ambayo hata sufuria haina.

Mwaka 2024, uvuvi Ziwa Tanganyika ulipofungwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei ili samaki wazaliane, karatasi moja ya Kiingereza ilizunguka huku mwaloni. Ilisema lazima tulinde fry. Mama mmoja anayekaanga migebuka aliisoma kwa ile maana ya jikoni, akashika kichwa, akadhani sasa na vikaango vinawekewa sheria. Tukamtafuta kijana aliyesomea uvuvi. Akatuambia fry hapo ni samaki wachanga walioanguliwa karibuni, wale ambao wafugaji wa samaki wanawaita vifaranga. Wakifikia ukubwa wa kidole jina linabadilika, wanakuwa fingerlings. Akasema fry hii na ile ya kukaanga hazina undugu. Ile ya jikoni imetoka Kilatini kupitia Kifaransa, hii ina chimbuko lake jingine, zimekutana kwenye herufi tu.

Nikamuuliza, kwa hiyo dagaa ni fry? Akasema hapana, na hili nataka watu wa bara walishike. Dagaa wetu wa Tanganyika ni mtu mzima kwa kabila lake. Anataga, anazeeka, na ni mdogo vilevile. Mtoto wa kuhe, yule samaki mkubwa wa ziwani kwetu, anaweza kulingana naye kwa urefu, lakini yule ni mtoto.

Hata hivyo Waingereza wana msemo small fry kwa watu wasio na uzito, na sisi hapo tunasema dagaa. Wamekamatwa dagaa, mapapa wameachwa. Msemo huo tumewatangulia kuuelewa.

FundiSimu

Kwetu mafundi pia lipo. Simu ikipigwa na umeme mkubwa, kwenye video za mafunzo wanasema the board is fried. Bodi imeungua, haitengenezeki.

MamaMwanga

Mungu awabariki. Nimekaa na binti jikoni, nimemsomea yote. Amefuta, ameandika: My grandmother roasts coffee in a clay pot. Sasa ananiuliza swali limenishinda. Dagaa wakavu nawapitisha kikaangoni bila mafuta kwanza, harufu itulie, ndipo naunga kwa mawese. Hapo mwanzo ni fry au roast?

MpishiBangwe

Huyo mtoto atafika mbali. Hapo kanuni yangu inapinda: wapishi wanasema dry-fry, na ndiyo maana wanalazimika kuweka dry mbele, kuonyesha mafuta hayapo. Akitia mawese na vitunguu vikaanza kulia, ni fry kamili. Akishamimina nyanya na maji, fry imekwisha, anahitaji neno jingine. Aje aulize kesho.