Labrador, Boxer au mbwa wa kienyeji: yupi afae nyumba ya watoto Dar?

BabaMapacha (Tabata): Wakuu, natafuta mbwa wa kucheza na watoto. Wana miaka 7 na hawajui kuchoka. Uwanja mdogo, ukuta upo. German Shepherd mama watoto kamkataa. Nimebaki na hao watatu, mnasemaje?

Mkulima_Njiro: Labrador. Mpole hadi mwizi anaweza kuletewa mpira. Ila asili yake ni Newfoundland, Kanada, alikuwa akiwasaidia wavuvi kuvuta nyavu kwenye maji ya baridi. Manyoya ni tabaka mbili, utafagia mwaka mzima. Kwa joto lenu mtoe alfajiri na jua likizama, si chini ya nusu saa kila mara. Lami ya mchana inaunguza nyayo: weka kiganja chini, ukishindwa kuhesabu hadi saba, rudini ndani.

Dada_Mbezi: Boxer Dar? Hapana jamani. Mbwa anajipoza kwa kuhema, na huyu pua yake fupi. Wetu alikuwa mcheshi sana, lakini saa nne asubuhi yuko sakafuni ulimi nje. Jioni akipata nguvu anarukia watoto mpaka wanaanguka.

Mganga_wa_Mifugo: Labrador naye hashibi. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge walionyesha kuwa karibu robo yao wana hitilafu kwenye jeni iitwayo POMC, inayohusika na njaa. Kwa hiyo pima chakula, macho ya huruma yasikudanganye. Ugali na dagaa sawa, vitunguu hapana, mifupa ya kuku iliyopikwa hapana kabisa. Yeyote utakayemchukua, chanjo ya parvo (virusi vinavyoharisha na kutapisha watoto wa mbwa) inaanza wiki ya 6 hadi 8 na inarudiwa. Ya kichaa cha mbwa akifika miezi 3, kisha kwa ratiba ya daktari wako. Na kupe! Wanajificha hata kwenye nyufa za ukuta, kwa hiyo kumwogesha mbwa peke yake hakutoshi.

Shangazi_Tanga: Mbona wa kienyeji mnampita haraka? Manyoya mafupi, joto kalizoea, na akili anayo. Wengi huwa wakali kwa sababu wanafungwa mnyororo kutwa. Halafu fikirieni majirani. Huku kwetu Waislamu wengi, mate ya mbwa yakimgusa mtu ana kazi ya kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Mfundishe kukaa chini kabla geti halijafunguliwa, awe wa aina yoyote.

Mkulima_Njiro: Hapo kweli. BabaMapacha, alfajiri nani atamtoa?

BabaMapacha: Ndiyo shida, mimi saa kumi na moja na nusu niko kwenye foleni. Bibi yao ndiye anayebaki nyumbani, na Labrador wa kilo 30 atamburuta. Naelekea kwa wa kienyeji, jike. Shangazi, nimtoe kwa mama yake akiwa na umri gani?

Shangazi_Tanga: Wiki 8, usimkubalie muuzaji mwenye haraka. Na nenda ukamwone mama yake kwanza. Akikupokea kwa utulivu, chukua.