Moshi wa moto kichaa: mtoto nimkinge vipi?

MamaMpanda: Ndugu zangu, niko Katavi. Tangu Agosti iingie, asubuhi moshi wa moto wa porini umelala mji mzima, jua linatoka jekundu, na nguo nilizoanika zimejaa majivu. Mwanangu wa miaka mitatu ana pumu, usiku kifua kinambana. Nimemfunga kitambaa puani. Kinasaidia?

MuuguziT: Pole sana, dada. Kitambaa huzuia majivu tu. Chembe zinazoumiza zina upana chini ya mikroni 2.5 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), zinapenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Barakoa ya N95, ile maalumu ya kuchuja chembe ndogo, huzichuja, lakini haimkai mtoto mdogo hivyo. Asubuhi moshi ukiwa umetanda karibu na ardhi, funga madirisha na mwache ndani. Upepo ukiupeperusha, fungua. Jiko la mkaa litoke nje kabisa! Pampu yake ya pumu iwe karibu, na akihema kwa shida hadi mbavu zinaingia ndani, usingoje kuche, mpeleke hospitali.

MfugaNyuki: Mimi nimepoteza mizinga 11 kwa moto wa Septemba, naongea kwa uchungu. Huku kwetu tunachoma nyasi mapema, Mei na Juni, zikiwa bado na umande, ili baadaye moto mkubwa ukose cha kuunguza. Moto unatambaa na kuzimika wenyewe usiku. Ukingoja Septemba, misitu ya miombo imekauka, moto unapanda mitini na kuvuka barabara. Wanaosafisha shamba kwa moto mchana wa upepo ndio wanaotuumiza.

MamaMpanda: Asanteni. Jiko nimeshalitoa. Kesho naenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuuliza nani anachoma upande wa mtoni.